Aliyerudi Jua la Utosi

Bi Fatma alikuwa akishona kofia. Ndiyo kazi aliyoishikilia tangu alipofiwa na mumewe. Alikaa kitako juu ya mkeka, karibu na dirisha, akitia sindano na kuitoa. Alitoboa tundu moja, akalizungushia uzi, kisha akatoboa jingine. Binti yake, Kawthar, alikuwa jikoni akipepea mkaa.

Ilikuwa mwaka 2008, zile wiki ambazo umeme ulikatika Unguja nzima. Feni zilisimama. Redio zilinyamaza. Mji Mkongwe ulikuwa kimya, kimya kile cha kumfanya mtu asikie damu yake ikipita masikioni. Kimya kilizidi jua la utosi.

Jua la utosi ni ile saa ambayo kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Watu wa mjini wanaiogopa saa ile. Watoto huitwa ndani. Vichochoro hubaki vitupu. Na mtu akisikia anaitwa kwa jina, na hamwoni anayemwita, haitiki. Wazee husema, "Ukishajibu 'naam', umeshampa ruhusa." Ruhusa ya nini, hawasemi.

Nyumba ya Bi Fatma ilikuwa kubwa na kongwe. Ilijengwa na babu wa mumewe, enzi za mashamba ya karafuu. Sasa mashamba hayapo, na nyumba ilikuwa inakwisha kidogo kidogo. Mama na binti waliishi ghorofa ya kati tu. Ghorofa ya chini walimkodisha mfanyabiashara, akaweka magunia yake. Ghorofa ya juu ilifungwa tangu paa lilipoanguka upande mmoja. Ilikuwa na ngazi yake peke yake, upande wa nyuma, penye kichochoro chembamba. Popo walikaa huko, na paka waliwafuata.

"Mazin hajapiga simu," alisema Bi Fatma.

Mazin ni mwanawe wa kwanza. Alikuwa fundi wa majokofu. Miezi michache nyuma alikwenda Arabuni, kama watu wa Unguja wanavyoziita zile nchi za Ghuba. Ami yake, Muhannad, aliyehamia huko zamani, ndiye aliyemtafutia kazi.

"Simu yenyewe haina chaji, mama," alijibu Kawthar. "Jioni nnaipeleka Darajani, kwenye jenereta."

"Juzi alipiga ami yako. Nikamwambia, nipe mwanangu nimsikie. Kanambia yuko kazini. Mara ya kwanza yuko kazini, mara ya pili yuko kazini. Kazi gani hiyo isiyokuwa na Ijumaa?"

"Arabuni watu wanafanya kazi, mama. Hawakai barazani kunywa kahawa."

Bi Fatma alitaka kujibu. Hakuwahi.

"Mama."

Sauti ilitoka chini, kichochoroni. Sindano ikasimama katikati ya tundu.

"Mama. Kawthar. Nifungulieni."

Ilikuwa sauti ya Mazin, lakini nyembamba na kavu, kama inatoka ndani ya kisima. Kawthar aliacha kipepeo cha mkaa, akakimbilia dirishani. Alifungua mdomo aitike. Bi Fatma akamziba kwa kiganja.

"Usiitike," alinong'ona.

"Mama, ni kaka," Kawthar alisema chini ya kiganja.

"Kaka yako yuko Arabuni. Ami yako kasema juzi tu. Tazama jua liko wapi. Hao huchukua sauti ya mtu aliye mbali."

Bi Fatma aliondoa mkono. Alisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Kisha akavuta mbao za dirisha, moja, na ya pili. Bawaba zikalia. Chumba kikawa giza mchana kweupe.

Chini, sauti ilinyamaza. Baadaye walisikia hatua. Zilikwenda polepole, zikauzunguka ukuta wa nyumba, zikaelekea nyuma. Kawthar alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Kichochoro kilikuwa cheupe kwa jua, na hakikuwa na mtu.

Siku ya pili yake, vishindo vilianza juu ya dari.

Vilikuwa vishindo vidogo. Kitu kinaburutwa. Kitu kinakaa. Vumbi la chokaa lilianguka juu ya kofia ya Bi Fatma, naye akaikung'uta bila ya kuangalia juu. Alasiri walisikia mtu anakohoa. Walitazamana.

"Lililokuwa chini limepanda juu," Bi Fatma alisema mwishowe. "Limetaka kukaa. Basi tulipe chake, lisitudhuru."

Marehemu mama yake alimfundisha namna ya kufanya. Akafukiza ubani. Akatia wali, kipande cha mkate na halua kidogo ndani ya kifuu cha nazi. Chakula cha shetani hakiwekwi kwenye sahani ya watu, kwa sababu sahani hiyo itarudi kuliwa na watu. Jua la utosi alizunguka nyuma, akapanda vidato vya mwanzo vya ile ngazi, akakiweka kifuu, akaondoka bila ya kugeuka.

Kesho yake kifuu kilikuwa kitupu.

"Paka," alisema Kawthar.

"Paka hali halua."

Bi Fatma akaweka kingine. Nacho kikaliwa. Siku moja Kawthar alikwenda yeye kuweka. Alirudi mbio, ushungi umemwanguka mabegani.

"Mama, kile cha jana kimeoshwa."

"Kimeoshwa vipi?"

"Kimeoshwa kwa maji, kikafudikizwa ukingoni kikauke. Jini gani anaosha chombo?"

Usiku ule mama na binti walilala kitanda kimoja.

Woga ni fundi mkubwa, ndugu msomaji. Hahitaji saruji wala mbao. Hujenga nyumba nzima ndani ya kichwa cha mtu, akatia vyumba, na kila chumba akakipa mkaazi wake. Habari zikatoka. Wanawake wa mtaani walianza kupita upande wa pili wa kichochoro. Mwenye magunia ya chini akaja kuchukua magunia yake, na hakusema kwa nini.

Aliyebaki vilevile ni Bi Mwatum.

Bi Mwatum alikaa nyumba inayotazamana nao. Kichochoro kilikuwa chembamba hata majirani waliweza kupeana bakuli dirisha kwa dirisha. Alikuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuwapa ushauri watu wanaokuja kupima virusi vya UKIMWI, na kuwafuatilia wanaotumia dawa. Ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili mbuzi, lakini siri za watu ziliingia kwake zisitoke. Mchana mmoja alirudi kazini, akagonga dirisha la jirani yake kwa mti wa ufagio.

"Bi Fatma, mmejifungia joto lote hili? Mnajipika?"

Dirisha lilifunguka kidogo. "Tuna mgeni, Bi Mwatum."

"Mgeni gani wa kufungiwa madirisha?"

Bi Fatma alionyesha juu kwa kidevu. Hakutaka kulitaja.

"Ah, huyo," alisema Bi Mwatum. "Huyo mgeni wako ana kifua."

"Usiseme hivyo."

"Nnasema nnachokisikia. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, sasa kimeshuka chini. Mie nimelala wodini na wagonjwa tangu sijaolewa, Bi Fatma. Nimesikia kila namna ya kikohozi. Sijasikia jini mwenye makohozi."

"Usimfanyie mzaha, atakusikia."

"Atanisikia, maana na masikio anayo. Na jana alianika shati."

Kawthar akasogea dirishani. "Shati gani, Bi Mwatum?"

"La buluu. Kwenye mfuko lina kiraka cheupe."

Kawthar alilijua shati lile. Kiraka kile alikitia yeye kwa mkono wake, wiki ile Mazin alipokuwa anafunga mizigo.

Walikwenda watatu. Nje jua liliunguza, lakini ndani ya ile ngazi ya nyuma mlikuwa na giza na harufu ya popo. Kila kidato kililia. Bi Fatma alisimama kabla ya kufika juu.

"Na kama si yeye?"

"Kama si yeye, utasoma dua," alisema Bi Mwatum. "Kama ni yeye, utasema nini?"

Mlango ulikuwa wazi nusu. Chumba kilikuwa na paa upande mmoja tu. Upande wa pili jua lilianguka sakafuni kama nguo nyeupe. Vifuu vilipangwa ukutani, kimoja baada ya kimoja, vyote vimefudikizwa. Na pembeni, penye kivuli, alikaa mtu amejifunika shuka hadi kichwani. Mabega yake yalikuwa mifupa. Shingo ilikuwa ndefu kama ya ndege. Bi Fatma alimtazama, na hakumjua. Hofu zote za wiki zile hazikufika hiyo: kumtazama mwanawe na kutomjua.

Yule mtu hakugeuka.

"Chakula kiweke ngazini, mama," alisema. "Kama siku zote. Usiingie."

"Mazin?"

"Naam."

"Umekuja lini, mwanangu?"

"Siku nilipokuiteni, mkanifungia madirisha."

Popo mmoja alijitikisa darini. Mazin akaendelea, sauti yake haina hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mie sikulaumu, mama. Ami Muhannad nilimwomba kwa simu asikwambie, lakini najua kakwambia. Ukaogopa. Ukanitilia chakula kwenye kifuu, nisishike sahani zenu. Wengine wasingenipa hata hicho. Nikasema, basi nitakaa huku juu, nisikutieni balaa, mpaka mambo yamalizike."

"Mambo gani? Ami yako hajanambia kitu. Kila siku kanambia uko kazini." Machozi yalikuwa yanamdondoka Bi Fatma bila ya yeye kujua. "Na kile kifuu hakikuwa chako. Kilikuwa cha shetani, Mazin. Mie nilikuwa nnalisha shetani."

Mazin aligeuka kwa mara ya kwanza. Alimtazama mama yake usoni. Kisha akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti.

Bi Mwatum alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha lililofungwa, akalisukuma kwa bega hadi likafunguka. Upepo ukaingia. Halafu akavua mtandio wake wa begani, akampa Mazin.

"Ukikohoa, kohoa humu. Geuza uso upande wa dirisha. Sasa hadithia."

"Usinisogelee, Bi Mwatum."

"Niende wapi, chumba chenyewe hakina paa? Sema."

Mazin akasema. Kule Arabuni, mgeni hapewi kibali cha kuishi mpaka apimwe damu. Yeye alidhani wanapima nguvu zake za kazi. Hakuna aliyemweleza wanatafuta nini, wala yeye hakuuliza. Siku moja akaitwa ofisini. Akaambiwa maneno machache: damu yako ina virusi vya UKIMWI, hapa hukai. Hakurudi nyumbani kuchukua mizigo. Akapelekwa uwanja wa ndege na nguo alizovaa.

"Nilipotoka uwanja wa ndege hapa, Kiembe Samaki, nikamkuta mtu amesimama kwenye kivuli. Simjui. Akanitazama, akanambia, 'Weye umerudishwa.' Sijamwambia neno, Bi Mwatum. Kanijua kwa macho. Nadhani anawangoja watu kama sisi. Akasema atanifanyia pasi ya kusafiria kwa jina jingine, na mtu mwingine atatoa damu badala yangu. Nikipata nguvu nnakwenda kwake. Kanambia anakaa Mwanakwerekwe, nyuma ya soko."

"Na akishatoa damu badala yako," alisema Bi Mwatum, "dawa nani atameza badala yako?"

Mazin alivuta shuka mabegani.

"Utakwenda kule na jina la watu. Utaumwa, utaogopa kwenda hospitali wasikujue. Wakikujua, ni jela kwanza, ndipo ndege. Yule hakutafutii safari. Anakutafutia kaburi la ugenini."

"Kwani hapa nina nini? Nambie kweli. Nakufa lini?"

"Nani kakwambia unakufa?"

"Serikali nzima imenifukuza, Bi Mwatum. Wana hospitali za vioo. Wana madaktari wa kila namna. Ningekuwa mtu wa kupona, wangenifukuza?"

Hilo ndilo lililokuwa limemwangusha. Virusi vilikuwa vinamla mwili, lakini zile hukumu za ofisini zilimla moyo. Alizichukua akaja nazo nyumbani, akajifungia nazo juu, akangoja zitimie.

Bi Mwatum alikaa sakafuni mbele yake, akamshika mkono.

"Skiza, mwanangu. Sheria ya mpaka si kipimo cha uhai wako. Nchi ile imesema, mgeni mwenye virusi hakai kwetu. Imesema hivyo tu. Haikusema hutibiki. Ziko nchi zinazokataa mgeni huyo asiishi, lakini zinamruhusu kutembea kwa siku chache. Ziko zinazomkataa kabisa. Na ziko nyingi ambazo haziulizi kitu. Wakuu wa afya wa dunia wenyewe wanasema sheria hizi hazizuii maradhi."

"Kwa nini hazizuii?" aliuliza Kawthar.

"Kwa sababu virusi havirukii watu njiani. Vinapita kwenye kujamiiana bila ya kinga, kwenye damu, na kwa mama kwenda kwa mtoto wake. Havipiti kwenye sahani. Havipiti kwenye mkono huu nilioushika. Sheria hizo zinachofanya ni kuwafundisha watu kujificha. Na mtu aliyejificha hapati dawa. Mtazameni."

Walimtazama.

"Kikohozi ni jambo jingine," Bi Mwatum aliendelea. "Huenda ni kifua kikuu. Hicho kinapita hewani, ndiyo maana nimefungua dirisha, na ndiyo maana na nyinyi mtapimwa kifua. Lakini kinatibika, na dawa zake ni bure. Za virusi pia ni bure. Haziviondoi virusi mwilini, nisikudanganye. Zinavizuia visizaane. Mtu anaishi, anafanya kazi, anazeeka, anakuwa msumbufu kama mie. Kesho asubuhi nnakuja kukuchukua."

"Watu wataniona."

"Watu washahama upande wa pili wa njia kwa kuliogopa jini lako. Hakuna atakayekuona."

Bi Fatma alikuwa ametoka bila ya kusikika. Aliporudi alikuwa na sinia kichwani, lile la shaba, la wageni. Alikuwa ametia wali na mchuzi wa papa. Aliliweka sakafuni kwenye jua, karibu na dirisha. Akamnawisha mwanawe. Kisha yeye mwenyewe akanawa, akakaa, akatia mkono katika sinia lile lile, upande wa Mazin.

"Kula, baba," alisema. "Nimechoka kula na shetani nyumba moja."

Vifuu alivichukua Kawthar, akavitia mekoni.

Asubuhi yake walikwenda hospitali. Mazin hakuandikiwa dawa kwa yale aliyoambiwa Arabuni. Walimkalisha, wakamweleza kipimo ni cha nini, wakamuuliza kama amekubali, ndipo wakampima upya. Majibu yakawa yale yale. Lakini safari hii aliyasikia mlango umefungwa, mbele ya mtu aliyemtazama usoni, na akapewa nafasi ya kulia na ya kuuliza. Makohozi yake yakaonyesha kifua kikuu. Akaanza dawa za kifua. Baada ya wiki kadhaa, mwili ulipotulia, akaongezewa za kupunguza makali ya virusi. Bi Fatma na Kawthar walipimwa vifua vyao, wakakutwa salama.

Usidhani woga uliondoka siku moja. Dawa mpya zilimletea Mazin ndoto za ajabu. Kila akilala aliona ngazi ndefu isiyokuwa na mwisho, na juu yake mtu mwenye uso wake mwenyewe anamwita. Aliamka ametota jasho. Bi Fatma akaanza tena kutafuta ubani.

"Si shetani," alisema Bi Mwatum dirishani. "Ni kidonge. Kimoja katika vile huleta ndoto kali mwanzo mwanzo, kisha zinapungua. Zikizidi, tutamwambia daktari. Asiache kumeza. Akiacha, virusi vinaizoea dawa, halafu haimsaidii tena."

"Nisifukize?"

"Fukiza, nyumba inukie. Lakini kidonge ameze."

Akafukiza, na Mazin akameza. Ndoto zikapungua, halafu zikakoma.

Umeme ulikuwa umesharudi. Mazin alianza kunona mashavu. Wakaja mafundi, wakaliinua paa la juu, na chumba kile kikawa chake. Waliopita upande wa pili wa njia walirudi upande wa kwanza, mmoja mmoja. Wako waliojua kweli wakamsalimia. Wako waliojua kweli wakawaambia watoto wao wasile kitu kwao. Bi Fatma alikuwa mpole maisha yake yote, lakini siku moja alisimama barazani, akamwambia mmoja wao mbele ya watu: "Jini tuliwahi kuwa nalo humu, bibi. Tulipojua kuwa ni woga wetu, tulilitoa. Weye la kwako bado uko nalo."

Mazin alifungua karakana ndogo Jang'ombe, ya kutengeneza majokofu. Mwaka uliofuata alialikwa mafunzo ya ufundi Mombasa. Kabla ya kusema ndiyo alimuuliza Bi Mwatum, na Bi Mwatum akamuulizia sheria ya kule kwa wanaojua. Akaambiwa mlango uko wazi. Akenda na dawa za siku zote za safari na za ziada, ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Hakuacha kumeza hata siku moja. Akarudi na ujuzi, na mkoba wa halua ya Mombasa ambayo mama yake alisema haifikii ya Unguja.

Siku moja alikuja karakanani kijana wa mtaa ule, jina lake Shaame. Alikuwa amevaa miwani ya jua, mpya.

"Kaka Mazin, nimekuja kukuaga. Mwezi ujao nnakwenda Arabuni. Nishapata kazi ya udereva."

"Hongera. Ushapima?"

"Kupima nini?"

"Damu. Kifua. Kule watakupima kabla ya kukupa kibali."

"Basi watanipima huko huko. Mie mzima, hunioni? Nabeba gunia la mchele kwa bega moja."

"Na mie nilikuwa nabeba jokofu." Mazin aliweka bisibisi chini, akafuta mikono. "Skiza, Shaame. Kule wanakupima kwa ajili yao. Wakiona kitu, hawakupi ushauri, wanakupa ndege. Hapa unapima kwa ajili yako. Ukiwa salama, utakwenda na moyo mweupe, na utajua namna ya kubaki salama. Ukiwa na virusi, utajua mapema, utapata dawa, na hutauza kitu cha mama yako kwa nauli ya nchi iliyokufungia mlango. Na usiache kuuliza sheria ya nchi unayokwenda, maana sheria hubadilika."

Shaame alivua miwani. Bila ya miwani alikuwa mtoto kabisa.

"Kweli wewe ulirudishwa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Watu wanasema, mie sijapata kukuuliza."

"Kweli."

"Na unaishi."

"Nishike uone kama mzuka."

Shaame akacheka, lakini akamshika mkono kweli, kama mtu anayehakikisha.

Asubuhi ya pili walikaa benchi moja, nje ya chumba cha ushauri. Ukumbi ulikuwa kimya. Watu walitazama sakafu. Mlango ulifunguka, Bi Mwatum akatoa kichwa, akamwita Shaame. Shaame alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Unanifuata?"

"Mule unaingia peke yako. Siri ni yako," alisema Mazin. "Mie niko hapa."

Mlango ulifungwa. Mazin akangoja. Aliujua ule mlango, na alijua jinsi dakika zinavyorefuka nyuma yake.

Shaame alipotoka, uso wake haukusomeka. Majibu yake ni yake, na hadithi hii haina haki ya kuyataja. Alikuja akasimama mbele ya Mazin, akavuta pumzi, kama mtu aliyeibuka juu ya maji.

"Twende zetu, kaka Mazin," alisema. "Sasa najua mie, kabla ya wao."